Baba anasema amepoa, madaktari wanasema mshipa umepasuka

Assalamu alaykum Daktari,

Nakuandikia kutoka Unguja, niko kwa dada yangu Mwanakwerekwe, lakini kwetu ni Pemba, upande wa Wete. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya saba na ndiye ninayekaa na baba tangu mama afariki.

Baba ana miaka 69. Ni mkulima wa karafuu, na mpaka mwaka juzi alikuwa akipanda mikarafuu mwenyewe, tukamkataza. Sigara amevuta tangu ujana. Ameziacha na kuzirudia mara nisizoweza kuzihesabu. Presha anayo. Vidonge huvinywa kichwa kikimuuma, kikipoa huviweka juu ya kabati.

Wiki tatu zilizopita alianza kulalamikia kiuno na ubavu wa kushoto, maumivu yakishuka mpaka kinenani. Tukaenda spitali, wakapima mkojo, wakaona chembe za damu, tukaambiwa ni jiwe la figo. Akapewa dawa za maumivu na sipro, ile dawa ya kuua vijidudu, na akaambiwa anywe maji mengi. Hakupata nafuu. Ijumaa ya wiki ile alfajiri alikwenda kutia udhu, akaanguka pale penye pipa la maji, lakini alizinduka mwenyewe kabla hatujamfikia. Akasema ni kizunguzungu tu, hakula usiku. Akasali ameketi.

Wakubwa wakasema aitwe mkandaji. Bibi huyo kwetu anajulikana, hata wajawazito huenda kwake. Alimlaza baba chali, akatia mafuta ya nazi mkononi, akapitisha mkono juu kidogo ya kitovu, kisha akauacha hapo hapo. Akasema, "Hapa pana kitu kinapiga. Mshipa umeruka mahali pake." Akamkanda siku mbili. Baba akasema kweli amepata nafuu, ila ubavuni pamebaki baka la zambarau, la kukandwa.

Tukarudi spitali kwa ajili ya altrasaundi ya figo, maana tulikuwa tumeandikiwa tangu mwanzo. Mpimaji alipofika katikati ya tumbo alinyamaza, akamwita mwenziwe. Wakatwambia figo hazina jiwe, lakini mshipa mkubwa wa tumboni umevimba, sentimita 7.2, na tufanye haraka tukapige kipimo cha CT. Tukapanda boti Mkoani. Bahari ilichafuka, mkondo wa Nungwi ukaturusha kweli kweli, baba akatapika njia nzima. CT imepigwa jana. Daktari akatwambia mshipa umepasuka kwa nyuma lakini damu imezuiliwa, alazwe papo hapo na apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Baba amekataa kulazwa, tumerudi naye nyumbani. Anasema mshipa ukipasuka mtu hufa, na yeye leo mchana amekula wali na samaki wa kupaka, akaomba aongezwe. Kaka yangu mkubwa anasema wazee wangapi kwetu wana mshipa na wanaishi nao, kwa hiyo tungoje karafuu zilizoko juani zikauke, ziuzwe, ndipo tuzungumze habari ya Dar. Ami yangu anataka apigwe chuku ili damu iliyomwagika itolewe. Mimi bahasha ya picha nimeilalia chini ya mto, usingizi sipati.

Nieleze Daktari. Inawezekana kweli mshipa upasuke na mtu akawa anakula wali? Wale wa mwanzo walikosea? Na huo upasuaji ni upi, maana mmoja ametwambia wa kufungua tumbo, mwengine akasema kuna wa kupitia pajani? Nambari yangu nimeiandika chini.

Mtoto wa tatu, Wete

JIBU

Mwanangu,

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii haikungoja zamu yake. Niliifungua saa nne za usiku, nikaisoma nimesimama, nikapiga simu. Nilichosema usiku ule kilikuwa kifupi: mwamsheni baba, msimtembeze, mpelekeni spitali sasa hivi, na hiyo bahasha itoke chini ya mto. Mengine tumeyazungumza baadaye, na wewe umeniruhusu kuyaandika.

Umeniuliza maswali mengi, lakini mimi nilikwama kwenye sentensi uliyoipitia mbio: baba alianguka alfajiri akitia udhu, akazinduka mwenyewe, akasali ameketi. Barua nzima imo humo. Mzee mwenye maumivu ya kiuno ya siku kadhaa, anaanguka ghafla, kisha anarudi kuwa mzima. Hiyo haikuwa njaa. Ninavyoisoma mimi, pale penye pipa la maji ndipo mshipa ulipopasuka. Damu ikatoka kwa kasi, presha ikaporomoka, akaanguka. Presha ilipokuwa chini, damu nayo ikakosa nguvu ya kuendelea kutoka, ikaganda, ikaziba tundu. Akaamka. Tangu dakika ile baba yako alikuwa anaishi kwa donge la damu.

Sasa hili neno mshipa, ambalo limewaponza. Huku kwetu ukisema "mzee fulani ana mshipa", watu wanaelewa ngiri au busha. Ni maradhi ya aibu kidogo na ya kuchekwa kidogo, mtu anaweza kuzeeka nayo. Daktari naye anapokwambia "mshipa umevimba" anakusudia bomba la damu. Kwa hiyo kaka yako hakuwa mjinga hata kidogo. Alilijibu neno alilolisikia. Mimi mwenyewe niliwahi kuieleza familia moja kwamba mshipa wa mzee wao umevimba, nikaona nyuso zinalegea, watu wanapumua, nikafurahi kwamba wamelipokea vizuri. Nje ya mlango shemeji mtu akanivuta pembeni kuniuliza kama mkanda wa kubana utamsaidia. Tangu siku hiyo nasema aota, wasioijua wakaniuliza, nikaeleza.

Aota ndiyo bomba kuu la damu. Linatoka kwenye moyo, linapinda, linashuka mbele ya uti wa mgongo, na karibu na usawa wa kitovu linagawika matawi mawili, kila mguu na lake. Tumboni upana wake ni kama sentimita 2. Likifika 3 tunasema limevimba, na madaktari huuita uvimbe huo anyurizimu. Kwa mwanamume likifika 5.5 tunaanza kuzungumza upasuaji hata kama mwenyewe haumwi kitu. Kwa mwanamke hatungoji lizidi 5. La baba lilikuwa 7.2. Sigara ndiyo chanzo kikubwa tunachokijua, kisha uzee, uanaume, presha na damu ya ukoo. Baba yako hakukosa hata moja katika yale manne ya mwanzo.

Likipasuka kwa mbele, damu inamwagika katika uwazi wa tumbo na hapo hakuna cha kuzuia. Wengi hawafiki spitali. Likipasuka kwa nyuma, na mara nyingi huwa nyuma kushoto, damu inakuta misuli ya kiuno, pingili za mgongo na utandu uliofunika tumbo kwa nyuma, inabanwa. Chukua dau lililotoboka, likakwama topeni maji yalipokupwa. Tope limeziba tundu, ndani pakavu, nahodha ameketi anakula. Hakuna aliyetia kalafati. Maji yatajaa.

Kwa hiyo ndiyo, mtu anaweza kupasuka aota na akaomba aongezwe wali. Albert Einstein, yule mwanafizikia, alikuwa na uvimbe huu huu. Mwaka 1948 daktari Rudolf Nissen alimfungua tumbo New York, akaukuta, na kwa kuwa enzi hizo hakukuwa na mshipa wa bandia wa kuweka, akauzungushia selofani, ile karatasi ya kufungia vitu, ili mwili ujenge kovu la kuushikilia. Akaishi zaidi ya miaka sita. Aprili 1955 ukaanza kuvuja. Alikataa upasuaji, akakaa siku chache na maumivu yake, akafariki tarehe 18. Baba yako alikuwa ndani ya siku chache za namna hiyo. Wapo ambao damu iliyobanwa hukaa wiki, hata miezi, ikala pingili za mgongo mpaka mtu akatibiwa kifua kikuu cha mifupa ambacho hana. Lakini hakuna daktari anayeweza kukwambia wewe uko kwenye kundi gani, la siku au la miezi.

Wale wa jiwe la figo walikosea, ndiyo, na ni kosa linalofanyika nchi zote. Maumivu ya ubavu yanayoshuka kinenani ni ya jiwe kwa jina na sura. Hata zile chembe za damu kwenye mkojo zinaweza kuonekana, kwa kuwa aota iliyovimba iko jirani na mrija wa mkojo. Vitabuni tumefundishwa dalili tatu: maumivu, presha kushuka, na uvimbe unaodunda tumboni. Wanaokuja na zote tatu kwa pamoja hawafiki nusu. Nilipokuwa nikifundisha nilikuwa na kanuni moja ambayo vijana waliichoka: mwanamume aliyevuka 60 akija na jiwe la figo la kwanza maishani mwake, si jiwe mpaka nimeiona aota. Altrasaundi ya aota ni dakika mbili tatu, hata kwa mashine ya kubeba mkononi. Ile ya baba iliandikwa siku ya kwanza na ikafanywa baada ya wiki mbili. Hapo ndipo ninapowalaumu, si kwenye kudhania jiwe.

Na sipro. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza hatari ya aota kuchanika au kupasuka, na kwamba mtu mwenye uvimbe wa aota asipewe ila pasipokuwa na dawa nyengine. Sisemi ndiyo iliyompasua baba. Nasema isirudi nyumbani kwenu kwa ajili yake, hata kama duka la dawa la jirani linaiuza kama pipi.

Altrasaundi ina mpaka wake. Inakuonyesha aota ina upana gani, lakini damu iliyojificha nyuma haiioni kwa uhakika. Kwa hilo tunahitaji CT, pamoja na ile dawa inayodungwa mkononi ili mishipa ing'ae. Picha za baba ulinitumia, nami nilizitazama nikiwa na miwani miwili, wa kusomea juu ya wa kutembelea. Aota ya mzee wa umri wake huwa na chokaa ukutani, inaonekana kama ukingo mweupe wa kikombe. Ukingo ule upande wa kushoto nyuma umekatika. Aota yenyewe imelala juu ya pingili za mgongo kama kanga mbichi iliyotupwa juu ya ukuta, imefuata kila bonde. Aota iliyo nzima hailali hivyo, ina umbo lake. Pembeni kuna damu iliyoganda imeisukuma figo ya kushoto mbele. Na lile baka la ubavuni, mwanangu, si la mkandaji. Ni damu hiyo hiyo, imepenya polepole mpaka chini ya ngozi.

Utakumbuka nilikuuliza mara mbili kama baba alikuwa na homa. Wapo ambao aota yao imeliwa na vijidudu, salmonela kwa mfano, na hao matibabu yao hubadilika, kwa sababu mrija wa kitambaa tunaouweka wakati wa kupasua haukai vizuri penye usaha. Baba hakuwa nayo, tukasonga mbele.

Usiku ule baba bado alikuwa amekataa, nawe ukamwekea simu sikioni. Sikumbembeleza. Nilimwambia: mzee wangu, tundu lipo, limezibwa na damu yako mwenyewe. Likizibuka hapo Mwanakwerekwe hatutakuwahi. Ukipasuliwa unaweza kufia mezani, sikufichi. Usipopasuliwa utakufa kwa hili, na sidhani kama utaziona hizo karafuu zikikauka. Alinyamaza muda, nikasikia televisheni ya dada yako. Kisha akauliza, "Angekuwa baba yako?" Nikamwambia baba yangu ningekuwa nimeshamtia kwenye gari. Angekataa baada ya hapo ningeheshimu, maana mwili ni wake na akili yake ilikuwa timamu. Lakini mpaka dakika ile alikuwa anakataa kupasuliwa ngiri.

Mlipofika spitali mlikasirika, najua, kwamba hawakumtundikia dripu. Sisi kwetu mgonjwa asiyetiwa maji ni mgonjwa aliyetupwa. Hapa maji mengi ni adui. Ukimjaza, presha inapanda, donge linasukumwa, na damu yenyewe inakuwa nyepesi, haigandi. Maadamu mgonjwa anazungumza na anajua alipo, hata namba ya juu ya presha ikiwa 80 tunamwacha hivyo hivyo mpaka kwenye meza ya upasuaji. Maumivu atulizwe, kutapika kuzuiwe, tumbo lisibonyezwebonyezwe. Ndiyo sababu nilikataa kusikia habari ya boti tena. Mkondo wa Nungwi ulishamjaribu mara moja, na dakika ishirini za ndege pamoja na muuguzi ni kitu kingine kabisa. Chuku nazo nilimwomba ami yako aziweke. Damu ile ndiyo kizibo.

Sasa upasuaji. Kwa kufungua tumbo, kazi ya kwanza ni kuikamata aota juu ya uvimbe kwa koleo, damu isishuke. Kisha uvimbe unapasuliwa kwa urefu, madonge yanatolewa, mishipa midogo inayovuja kutoka mgongoni inashonwa mmoja mmoja, na ndani yake unawekwa mrija wa kitambaa cha poliesta, juu na chini unashonwa kwa uzi usiooza. Gamba la uvimbe halitupwi, linafunikwa juu ya kitambaa kama blanketi. Poliesta hiyo ni ndugu wa ile ya suruali. Daktari Michael DeBakey wa Houston, Marekani, miaka ya 1950 alishona mirija ya mwanzo kwa cherehani ya mkewe, jambo ninalopenda kuwakumbusha vijana wanaodharau mafundi nguo.

Lakini dakika inayotisha wapasuaji ni ile ya kabla ya kisu. Misuli ya tumbo la baba ilikuwa imekaza, nayo ilikuwa inasaidia kulishika lile donge. Akitiwa dawa ya usingizi misuli inalegea, na tundu linaweza kuzibuka hapo hapo. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa aina hii tunageuza utaratibu. Mgonjwa yuko macho, tumbo limeshapakwa dawa, vitambaa vimeshatandikwa, damu imeshafika chumbani, mpasuaji amevaa glavu na kisu kiko mkononi, ndipo mtu wa usingizi anaambiwa haya, bismillahi. Baba alikwambia watu walimzunguka wamesimama kimya kama wanaosalia maiti. Sasa unajua walikuwa wanangoja nini.

Njia ya pajani haina tumbo la kufunguliwa. Mrija wa kitambaa wenye waya ndani unakunjwa, unapitishwa kwenye mshipa wa damu wa kinena, na ukifika mahali pake unafunguka kama mwavuli, ukabana juu na chini ya uvimbe. Juan Parodi alimfanyia mgonjwa wa kwanza Buenos Aires mwaka 1990. Inaweza kufanywa kwa ganzi ya kinenani tu, misuli ya tumbo ikabaki imekaza, na kwa mtu wa namna ya baba hilo ni jambo kubwa. Masharti yake ni mawili. Lazima pawepo kipande cha aota nzima chini ya mishipa ya figo, cha kutosha mrija kushikia; na mrija wa kipimo chake uwe tayari kabatini, si ndani ya meli. Aliyefanyiwa hivyo hupigwa picha miaka yote inayobaki, kwa kuwa damu hupenya pembeni mwa mrija. Kipande cha baba kilikuwa kifupi, kwa hiyo wakafungua tumbo. Usisikitike kwamba amekosa kitu cha kisasa. Utafiti wa IMPROVE, ambao sehemu kubwa ulifanyika Uingereza na ukatoka mwaka 2014, ulifuata watu 613 walioletwa wakidhaniwa wamepasuka aota. Walioanzia mkakati wa njia ya pajani, siku 30 baadaye walikuwa wamekufa 35 kwa kila 100. Walioanzia tumbo, 37. Aliyefika na presha iliyotulia kama baba hali yake ni bora kuliko wastani huo. Na uvimbe huo ukishonwa kabla haujapasuka, kwenye hospitali yenye uzoefu hufa watano kwa kila 100 au chini ya hapo. Ndiyo maana tunautafuta.

Damu mlichangia wenyewe, na umeniambia wa kwanza kukunja mkono alikuwa kaka mkubwa. Mfikishie salamu zangu.

Leo ni siku ya tisa. Figo zilisuasua siku mbili tatu, jambo la kawaida aota ikikamatwa, sasa mkojo unakuja. Jana umenipigia kuniambia baba ametoa hewa na wodi nzima mmecheka. Mimi sikucheka, nilishukuru, kwa sababu baada ya upasuaji huu tunaogopa utumbo wa kushoto kukosa damu. Akitokwa na damu chooni, au tumbo likajaa na kuuma upya, wauguzi waambiwe saa hiyo hiyo, si asubuhi. Miguu yake muishike kila siku muone kama yote miwili ina joto.

Akirudi Wete asibebe kitu kwa miezi mitatu, hata pishi ya karafuu. Vidonge vya presha vishuke kutoka juu ya kabati, viwe vya kila siku, kichwa kikiuma kisiuma. Sigara zimekwisha, na wanaomtembelea wavutie barazani kwao. Baada ya muda akiota kivimbe juu ya kovu kinachotoka akikohoa, msipige kelele usiku: huo ndio mshipa anaoujua kaka yako, na unatibika kwa nafasi.

Nyinyi watoto pia mmo. Ndugu wa damu wa mtu mwenye uvimbe huu wapimwe, wa kiume kwanza, wakifika 50. Kaka mkubwa umeniambia ana 49 na pakiti moja kwa siku, kwa hiyo sitamngojea. Ami yako, mdogo wake baba, 64, naye anavuta: huyo aende wiki hii, asile kitu asubuhi ili hewa ya tumbo isizuie kipimo, na aseme waziwazi "nataka kupimwa upana wa aota", maana akisema tumbo tu watamtazama ini na figo wamrudishe nyumbani. Ikiwa chini ya 3, yamekwisha. Ikiwa zaidi, niandikie namba yake.

Na kitu kimoja nakuomba ukirudi Pemba. Nenda kwa yule bibi mkandaji, usiende kumgombeza. Katika watu wote walioliona tumbo la baba wiki zile mbili, mkono wake ndio wa kwanza kulifikia lile jambo, kabla ya mashine. Alilijua kuwa linapiga, hakujua ni nini. Mwonyeshe kwa kidole chako ilipokuwa, juu kidogo ya kitovu. Mwambie akikuta tena kitu kinachodunda hapo kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno, ainue mkono, asitie mafuta, amtume spitali na mtu wa kumsindikiza.